Kodi ya Injini, Kodi ya Nyumba

Taa ya injini iliniwakia juu ya daraja la Nyali. Kufika nyumbani Kisauni nikachomeka mashine ya kupimia, ikatema namba ya hitilafu, P0141.

"Kodi imetoka!" nikasema kwa sauti.

Mwenye nyumba, aliyekuwa barazani na kahawa yake, akasimama. "Alhamdulillahi. Lete, mwanangu."

"Si hiyo, Ami. Hii ya gari. Sensa ya oksijeni."

Akaketi, lakini jicho hakunitoa.

Sasa, P0141 ni hita, yaani kipasha-moto, ya sensa ya pili, ile iliyo kwenye ekzosi nyuma ya katalitiki, kile kisafisha moshi. Mimi nilisoma "sensa ya oksijeni" nikaishia hapo. Muuza spea akaniuliza, "Ya mbele au ya nyuma?" Nikajibu ya mbele, maana hiyo naiona nikifungua boneti, ya nyuma mpaka nilale chini.

Upepo wa chumvi hauna huruma na ekzosi. Niliwasha injini dakika tano chuma kitanuke, nikazima, nikapuliza mafuta ya kulegeza kutu, nikasubiri. Spana ya 22: haikutikisika. Soketi yenye ufa wa kupitisha waya sina, na ya kawaida haipiti kwenye plagi. Basi nikaukata waya kwa koleo. Si mbovu hata hivyo? Nikavika soketi ndefu, nikaongeza bomba kwenye mpini, ikalia kwiii, ikaachia. Kiwiko kikaenda kukaa juu ya ekzosi. Kutu ikaingia jichoni.

"Pole," akasema Ami, bila kuinuka.

Mpya niliifunga kisomi. Meno nikayapaka kidogo grisi ya kuzuia kunata, bila kugusa ncha, kwani ikiziba vile vitundu sensa imekwisha. Nikaanza kwa vidole meno yasipandiane, nikamalizia na spana ya kupimia nguvu, nyutoni-mita 40. Nikafuta kodi, nikaenda Bamburi nikarudi, nikaenda tena. Safari ya pili hiyo, taa ikawaka. P0141 ileile.

Ndipo nikakumbuka kuwa nina mita ya kupimia nyaya za umeme. Jamani, mita! Nyaya mbili za rangi moja kwenye plagi ya sensa huwa ndizo za hita. Hita ikiwa nzima, mita husoma omu chache tu, yaani ukinzani mdogo wa umeme. Nikalala chini, nikapima ya nyuma: hakuna kitu, imekatika. Nikaokota ile niliyoifyeka kwa koleo, nikapima kwenye ncha za waya uliobaki. Omu 6. Nzima kama siku ya kwanza.

Na ile mpya kuihamishia nyuma haikubali: waya mfupi, plagi nyingine. Ikabidi nirudi kwa muuza spea. Hakuniuliza kitu, akanipa ya nyuma tu.

Magharibi nilimkuta Ami palepale barazani.

"Vipi mwanangu, kodi?"

"Imeshatoka, Ami."

Akanyoosha mkono.

"Ya gari," nikasema. "Imetoka na ya nyumba."