Firigisi Ziko Wapi?

Nimelipishwa tomato sosi. Mnaoshinda taoni mmeshaelewa. Kile kifuko cha kupasua kwa meno, kinachotoa kidogo kwenye chipsi na kingi kwenye shati, siku hizi kina bei yake.

Na nilikuwa nimeingia duka la kuku wa kukaanga na heshima zangu. Mimi ni mwenye nyumba. Kwangu kuku akipakuliwa, firigisi haina mjadala, inakuja kwa sahani yangu. Binti wa kaunta hata hajaniangalia usoni: vipande viwili ama vitatu? Vya pilipili ama vya kawaida? Chipsi kubwa? Soda?

"Viwili, binti yangu. Na firigisi."

"Na nini?"

"Firigisi."

Akabonyeza mashine. Akabonyeza tena. "Haiko hapa." Akaita msimamizi, kijana wa tai fupi.

"Mzee, kuna shida?"

"Hakuna shida. Kuku wenu hawa wote walikuwa na firigisi. Ziko wapi?"

"Kuku wetu huja wakiwa wamekatwa, mzee."

"Wewe hujawahi kumwona mzima?"

Akafikiria. Kweli akafikiria, maskini. "La, hapana."

Foleni nyuma yangu imeanza kukohoa. Jamaa wa bodaboda, helmeti bado kichwani, akasema, "Mzee, chukua bawa twende." Na ndilo nililopewa! Bawa na mgongo. Picha ya ukutani ni paja, limejaa kutoka dari hadi sakafu, linang'aa mafuta. Mimi mgongo. Mgongo si nyama jamani, ni mifupa iliyovalishwa unga! Naulizia paja, naambiwa ukichagua kipande unaongeza pesa. Nichague nini tena, nimelipa na ujumbe wa M-Pesa huu hapa! Nina watoto nyumbani, mgongo nitaugawa na nani? Na sosi ni ya kulipia!

Basi. KFC walipofungua pale Junction Mall, Nairobi, mwaka 2011 tulienda kupanga foleni kwa ajili ya viungo 11 vya siri. Mwaka 2022 wakaishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vimechelewa kufika kutoka ng'ambo, na Nyandarua kunakolimwa viazi iko hapo tu, unaweza kwenda na kurudi siku moja. Galito's wao wanachoma, hawakaangi, kwa hivyo siwaingizi katika kesi hii. Kenchic ndiko wengi wetu tulikopeleka wachumba miaka ya 90, na aliyekubali pale alikubali kwa dhati.

Lakini mama wa karai pale mtaani hana picha ukutani. Unaonyesha kipande kwa kidole, anakichovya tena kwa mafuta kipate moto, kachumbari juu, pilipili ya bure, na ukimsalimia vizuri anakuongezea shingo. Umri wa yale mafuta siuulizi, naye haulizi wangu.

Na usijaribu kupanda matatu na mfuko wa kuku. Gari zima linakutazama, na makanga alidai kuku alipe kiti chake. Nikalipa changu tu, tena nauli ya mvua. Hiyo ya mvua kwanza ilipitishwa na nani? Wingu likipita juu ya steji ya Kencom katikati ya Nairobi, nauli ya Rongai inakuwa mia mbili, na lami yenyewe haijalowa.