Ngiri ya kovu kwa mwenye stoma: ishonwe sasa au isubiriwe?

Mjomba alipotoka hospitali alikuwa na vitu viwili vipya tumboni: kovu refu lililopita pembeni ya kitovu, na stoma upande wa kushoto, yaani ncha ya utumbo iliyotolewa nje ili haja kubwa itoke hapo na kuingia kwenye mfuko. Utumbo wake mpana ulikuwa umejisokota, ikabidi kipande kikatwe usiku uleule. Miezi minne baadaye kikaja cha tatu. Kila akiinuka mkekani, kando ya kovu kilichomoza kinundu cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akilala, kinarudi ndani.

"Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo), "hebu tazama, na hiki kimetoka wapi?"

Ilikuwa ngiri ya kovu. Juu ngozi imepona vizuri, lakini chini yake ule utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo umeachia, na utumbo unapenyeza kwenye mwanya. Mwenye stoma ana milango miwili ya ngiri: kovu la katikati, na tundu la stoma lenyewe, ambalo ni mwanya uliotobolewa kwa makusudi. Mtaani yote huitwa mshipa, na dakika mbili baadaye mazungumzo yameshahamia kwenye nguvu za kiume na dawa za mizizi. Hakuna mzizi unaoshona misuli, tuliache hilo.

Daktari alimwambia: "Tuiangalie kwanza, mzee wangu." Nyumbani tuligawanyika. Shangazi aliona tumefukuzwa kistaarabu. Mimi niliona daktari ana hoja, na bado naona hivyo, ila nusu tu.

Hoja yake ni hii. Ngiri ya kovu hurudi, na hurudi sana. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia kwa miaka 10 wagonjwa waliorekebishiwa ngiri za namna hii, zisizo kubwa sana, na matokeo yakatolewa mwaka 2004: kati ya walioshonwa kwa uzi peke yake, ngiri ilirudi kwa asilimia 63, kwa waliowekewa wavu, yaani kipande cha kitambaa chenye matundu kinachoziba mwanya, asilimia 32. Yaani hata kwa njia bora, karibu mtu mmoja kati ya watatu alirudi alikoanzia. Kisha kuna stoma. Wavu ni kitu kigeni mwilini, na ukiuweka jirani na mahali kinyesi kinapotokea unaukaribisha usaha. Wavu ukishika usaha hali huwa mbaya kuliko ngiri yenyewe. Kama stoma ni ya muda, kama ya mjomba, siku ya kuifunga tumbo litafunguliwa tena. Madaktari wengi huona afadhali kungoja siku hiyo kuliko kumpasua mtu mara mbili.

Upande wa shangazi nao una uzito. Ngiri haijifungi yenyewe, na mara nyingi hupanuka. Ikikua ngozi hutanuka, mfuko haushiki vizuri, choo kinavuja pembeni, ngozi inachubuka, na mtu anaacha kwenda msikitini au sokoni kwa kuogopa harufu. Mjomba alikuwa mpakiaji wa magunia. Kumwambia asinyanyue kitu kizito ni kumwambia asile. Halafu kuna hatari kubwa: utumbo kunasa mwanyani na kukosa damu. Wala udogo wa ngiri usikudanganye, maana tundu jembamba ndilo linalokaba.

Ninapoachana na daktari ni hapa. Kusubiri ni tiba halali pale ambapo mambo yakiharibika saa nne usiku, saa sita mgonjwa yuko mezani kwa daktari wa upasuaji. Mtu anayeishi kisiwani Ziwa Victoria, ambako boti ya mwisho imeshaondoka jioni, hasubiri kwa masharti hayo. Kwake mizani inaegemea upasuaji wa kupangwa, mchana, akiwa na nguvu, sukari ikiwa imedhibitiwa na sigara ameiacha wiki kadhaa kabla. Daktari anayesema "tuiangalie" angeuliza kwanza: unakaa wapi, na usiku unafikaje hapa? Sisi hatukuulizwa.

Gharama ya wavu nayo si ukuta tulioudhani. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uganda, ambapo wavu wa bei ndogo sana, wa kitambaa cha aina ya chandarua, ulilinganishwa na ule wa kiwandani uliokuwa ukiuzwa zaidi ya dola 100. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana. Lakini wale walikuwa wanaume wenye ngiri ya kinena, sehemu safi isiyo na kinyesi. Anayelichukua jaribio hilo na kulibandika kwenye tumbo lenye stoma anaruka hatua.

Kilichonivutia zaidi hakihitaji hata wavu. Jaribio jingine la Uholanzi, la mwaka 2015, lilionyesha kwamba tumbo likifungwa kwa mishono midogo ya karibukaribu, kila milimita 5, ngiri baada ya mwaka ilikuwa asilimia 13. Kwa mishono mikubwa ya sentimita moja ilikuwa 21. Uzi na subira. Hao walikuwa wagonjwa wa kupangiwa tarehe, si wa dharura kama mjomba, ila somo lake ni rahisi kubeba.

Wakati huo mjomba alikuwa anafunga mkaja kama mzazi, kanga ya shangazi imezungushwa mara tatu. Kanga ilikandamiza stoma, choo kikakosa njia, mfuko ukabanduka. Muuguzi mmoja ndiye aliyetufundisha: mkanda wa tumbo wenye tundu la kupitisha mfuko, ufungwe mtu angali amelala chali na kinundu kimesharudi ndani, si baada ya kusimama. Akikohoa aukandamize uvimbe kwa kiganja. Akasema pia ni lini mambo ya kuangalia yameisha: kinundu kikigoma kurudi na kuuma, mtu akitapika, mfuko ukikaa bila choo wala hewa, au stoma ikigeuka nyeusi. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja kuche.

Stoma bado haijapangiwa tarehe ya kufungwa. Magunia ameacha, sasa anauza vocha kivulini. Nyuma ya kadi yake ya kliniki shangazi ameandika namba za vijana wawili wa bodaboda wanaolala karibu, na kila Ijumaa huwapigia kuhakikisha simu zao zinapatikana.