Je, Waosmani ndio walioizika fasihi ya Kiarabu?

Simulizi iliyozoeleka ni hii: Sultani Selim wa Kwanza wa Waosmani, dola ya Kituruki yenye makao Istanbul, alipoitwaa Cairo mwaka 1517, fasihi ya Kiarabu ililala fofofo hadi Napoleon alipotua Misri mwaka 1798. Waandishi wa mwamko wa fasihi ya Kiarabu wa karne ya 19 waliirudia mpaka watu wakaacha kuihoji.

Haikutoka hewani. Mafundi na vitabu vya Cairo vilihamishiwa Istanbul. Kubwa zaidi, ikulu yenyewe ilihama. Enzi za Wamamluki, watawala wa Misri na Sham (Syria na jirani zake) kabla ya Waosmani, ofisi ya barua za dola ndiyo iliyowalisha mabingwa wa nathari, mtu kama al-Qalqashandi. Waosmani walipoanza kutoa amri zao kwa Kituruki, riziki hiyo ikakatika.

Ila kukosa ajira ya ikulu si kufa. Makarani wa makadhi, Cairo na Damascus, waliendelea kuandika rejista za mahakama kwa Kiarabu. Murtada al-Zabidi, mzaliwa wa India, aliiandika mjini Cairo kamusi yake kubwa ya Kiarabu, Taj al-Arus. Katib Çelebi, mtu wa Istanbul, alipoorodhesha vitabu vipatavyo 15,000 katika karne ya 17, aliandika kwa Kiarabu.

Anayenivutia zaidi ni kinyozi. Ahmad ibn Budayr wa Damascus alianza mwaka 1741 kuandika habari za mji wake: bei ya mkate, fujo za askari, vifo vya jirani na mashuhuri, kwa Kiarabu chenye ladha ya mtaani. Karne moja baadaye mwanazuoni Muhammad Said al-Qasimi aliinyoosha lugha hiyo, na mengine akayakata. Hapo ndipo hoja ya kuzorota inapopwaya, maana imepima kila kitu kwa ufasaha wa kale, na kisichofanana nao ikakiita uozo.

Madhara ninayoyakubali bila ubishi yalikuja mwishoni. Katiba ya 1876 ilimtaka mtumishi wa serikali ajue Kituruki. Udhibiti wa magazeti chini ya Abdul Hamid wa Pili uliwasukuma waandishi wa Sham kukimbilia Cairo, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza tangu 1882. Hasira iliyozaliwa hapo ilikuwa ya haki; kosa ni kuirudisha nyuma hadi 1517. Mwaka 1913 wajumbe wa Kiarabu walikutana Paris wakadai Kiarabu kiwe lugha rasmi katika majimbo yao. Mwenyekiti wao, Abd al-Hamid al-Zahrawi, alinyongwa Damascus tarehe 6 Mei 1916 kwa amri ya Jamal Pasha, gavana wa Kiosmani wa Sham.