Funua Basi, Mzee

Simu yangu imenivunjia heshima leo asubuhi. Angekuwa mtu ningemjibu. Ni ile programu ya kuhesabu vitabu, aliyoniwekea mpwa wangu mwezi wa Januari, wakati kila mtu ana akili ya mwaka mpya na mshahara wa Desemba umeshaliwa. Imesubiri nimeshika mswaki, povu mdomoni, ndipo ikanitumia ujumbe: uko nyuma ya lengo lako, ongeza bidii. Bidii! Kitu hakijawahi kusimama kwenye foleni ya Buguruni hata siku moja, leo kinanifundisha mimi bidii.

Lengo ni vitabu 24 kwa mwaka. Viwili kwa mwezi, hesabu ya mtu mwenye heshima zake. Nililitangaza kwenye kundi letu la wasoma vitabu kwa maneno mazito, na watu wakanimwagia vile vidole gumba vya njano.

Humo kundini kuna jamaa mmoja, kila Jumapili lazima aweke picha. Kitabu, kikombe cha kahawa, ua. "Cha 38 hicho, alhamdulillah." Mtu ana mke, ana watoto, ana mkopo wa gari! Nikamfuata pembeni nimuulize anasoma saa ngapi. Kumbe hasomi, anasikiliza. Anapachika vidude masikioni, anaosha gari lake huku kitabu kinajisoma, tena kakiongezea mwendo mara mbili. Basi kwa hesabu hiyo na mimi niandikiwe redio ya jirani, maana ukuta wetu ni mmoja.

Nyumbani hakusomeki. Sebuleni kuna tamthilia ya Kituruki, na wale Waturuki wakishaanza kulia kwa Kiswahili hakuna sura itakayopanda. Ukijifungia chumbani mama watoto anakuja kuuliza umenuna nini. Ukikaa barazani kila apitaye anaona huna kazi, anakuachia mtoto umwangalizie. Nilikwenda hadi Maktaba Kuu pale Bibi Titi, aliyoifungua Mwalimu mwenyewe mwaka 1967. Pazuri, kimya, lakini wanafunzi wamejaa na mitihani yao, na mtu mzima ukitoa riwaya pale unatazamwa kama umeingia msikitini na karata.

Nikasema basi niende na vyembamba, hesabu isogee. Nikachukua *Nagona* ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, haifiki hata kurasa mia. Nani alisema wembamba ni wepesi? Ukurasa wa kwanza nimeusoma mpaka unaniamkia, na bado sijajua yule anayesimulia yuko macho au anaota. Nimekirudisha kabatini kwa adabu zote. Cha Gurnah nacho ni hivyohivyo. Mwaka 2021 alipopata Nobeli, kundi zima likageuka wajomba zake. Ukiuliza nani amemsoma, jibu ni moja, "Ah, si anaandika Kiingereza." Mwaka uliofuata riwaya yake, *Peponi*, ikatoka kwa Kiswahili safi, na kundi likanyamaza wiki nzima.

Ndipo nikabakiwa na daladala. Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, kwa foleni ya asubuhi, unamaliza sura mbili na muda wa kulaani unabaki. Juzi nikadamka, nikageuza na gari kabisa, nikapata siti ya dirishani. Mkononi nina riwaya ya upelelezi, ya zamani, nimeinunua kwa wauza vitabu vya mtumba Posta, jalada limeshikwa na selotepu. Tajiri mmoja kakutwa amekufa ndani ya gari lake. Tamu.

Akaja kijana wa ovaroli akakaa ubavuni. Mimi hakunisalimia, alikisalimia kitabu. Shingo ikaanza kusogea. Nikajifanya sioni, maana mwenye kitabu lazima awe na ukarimu kidogo. Tunafika Mombasa, hii ya Ukonga, nasikia sikioni:

"Mzee, funua basi."

"Sijamaliza."

"Hujamaliza? Uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akanionea huruma, ile huruma ya wodini. "Sawa mzee wangu, wala usiwe na haraka." Akatazama nje, akapiga mluzi, akarudi. "Bado hapohapo?"

Jamani, mimi ni karani wa stoo. Nasoma hati za mizigo ambazo mabosi wenyewe zinawatoa jasho. Siwezi kusubiriwa na mtoto! Nikafunua. Nikafunua na ya pili hata nusu sijafika, ili mambo yaishe. Kufika Banana simjui tena nani ni nani, ikabidi nimuulize yeye: hivi huyu inspekta amefikaje kwa mjane? Akanieleza, tena vizuri tu, kwa sauti ya kufika siti ya nyuma.

Hapo ndipo lilipoharibika. Mama aliyesimama na ndoo ya dagaa akadakia: "Huyo mjane ndiye kaua. Mume hajazikwa, ameshapaka wanja?" Dada wa siti ya mbele akasema wanja si ushahidi. Babu mmoja wa baraghashia akaagiza nisome kwa sauti, miwani yake ameisahau. Konda, ambaye chenji ukimdai anakuwa kiziwi, hili alilisikia vizuri: "Muuaji ni dereva wa tajiri, hao madereva nawajua mimi." Suka akakanyaga breki, dagaa wakamwagika, akageuka na kutaka konda arudie alichosema.

Tazara ikapita. Konda alisahau hata kuuliza kama kuna wa kushuka, kwa sababu inspekta alikuwa mlangoni, ameshika kitasa. Tuko Kamata, kijana wa ovaroli akaruka.

"Mzee, umenipitisha kituo!"

"Mimi?"

"Kwani mwenye kitabu nani?"

Nikatazama huku na huku nitafute mtu mwenye akili timamu anitetee. Mama wa dagaa akatoa hukumu: "Mlipie tu mtoto wa watu nauli ya kurudi, baba. Umemchelewesha kazini." Gari likaitikia. Na konda, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukonda, akaikumbuka chenji yangu. Akaitoa mfukoni, akampa kijana.

Kijana naye, mguu mmoja mlangoni: "Haya nani sasa kaua? Angalia mwisho."

Nikafunua mwisho. Hakuna mwisho. Kurasa za nyuma zimenyofolewa, imebaki nyuzi. Gari zima likanigeukia mimi, na babu wa baraghashia akauliza, kwa uchungu wa kweli, kitabu hakina mwisho nimekiingiza garini cha nini.

Na programu nayo haitaki kukihesabu, inadai ukurasa wa mwisho. Niutoe wapi? Mtu natoka nyumbani kiza, narudi kiza, umeme ukiwepo maji hakuna, kitabu kipya ni bei ya nyama ya wiki, cha mtumba kimenyofolewa, halafu naulizwa niko ukurasa wa ngapi. Waje wasome wao!

Kinachosomeka kikaisha siku hizi ni karatasi za maandazi. Mama wa kituoni kwetu anafungia kurasa za kitabu cha historia cha sekondari. Jana nilipata Majimaji, mwaka 1905, watu wa Umatumbi wameshaanza kung'oa pamba ya Mjerumani pale Nandete, maji ya Kinjekitile yameshagawiwa, moto unataka kuwaka, andazi limekwisha. Usingizi sikupata vizuri. Leo nimewahi nikanunua mengine nipate ukurasa unaofuata, nimepewa kilimo cha mkonge. Nikamwomba kwa upole anitafutie mwendelezo wa jana. "Baba," akasema, "mimi nauza maandazi."

Na maandazi yenyewe ndiyo haya? Zamani andazi moja na chai unashinda nalo mpaka mchana. Hili la leo ukiliuma meno yanakutana, ndani hewa tupu, na bei imepanda. Nikamuuliza hewa nayo siku hizi inauzwa? Akasema unga umepanda, nikamuulize wa dukani. Wa dukani anasema kosa si lake, ni usafiri, mafuta yamepanda, nikaulize huko. Sasa nimesimama hapa sheli, kazini nimeshachelewa, namsubiri kijana wa pampu amalizane na bodaboda zake, maana leo lazima mtu mmoja anieleze.