Msiseme Hakuwahi Kulalamika

Kuna sifa moja inayotolewa kwenye matanga ya Nairobi ambayo imenichosha: "Marehemu alikuwa mpole, hakuwahi kulalamika." Ukiisikia, jua anayezikwa ni mwanamke. Mwanamume husifiwa kwa msimamo wake na kwa kusema ukweli bila kuogopa mtu, hata kama ukweli wenyewe aliusemea baa tu.

Majuzi nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa mama mdogo, uchapishwe kwenye ile programu ya rangi na usomwe kanisani. Kamati ya mazishi ilishakuwa na mpangilio wake, ule ule wa marehemu wote: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kuugua, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Kazi yake ya kujitolea ilikuwa imetengewa mstari mmoja chini ya orodha ya wajukuu: "Pia alipenda kusaidia jamii." Mjomba akanivuta kando na kuniambia nitilie mkazo upole wa dada yake.

Upole! Muulize landilodi yeyote wa kule kwetu Kayole. Mama mdogo alilalamika kuhusu taka, kuhusu ngazi zisizo na taa, kuhusu wanaume wanaokojoa ukutani. Maji taka ya ploti ya nyuma yalipokuwa yakitiririka mbele ya milango, watoto wakiyaruka kwenda shule, alienda kwa mwenye ploti, akaenda kwa chifu, akarudi kwa mwenye ploti na akina mama kumi na wawili nyuma yake. Walikaa kwenye ngazi zake mpaka fundi akaitwa.

Alianza kazi ya afya ya kujitolea zamani, siku ambazo malipo yalikuwa soda na fulana ya kampeni ya polio. Mhudumu mmoja hupewa takriban nyumba mia moja, na katika mtaa wa maghorofa bila lifti, nyumba mia moja ni ngazi tupu. Magoti yake yalikwisha huko. Kumbukumbu zake aliziandika kwenye kauntabuku kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Ukurasa mmoja unasema: "Ghorofa ya nne, mlango wa kijani. Mtoto hajapata surua ya pili. Mama anafanya kazi usiku. USIBISHE ASUBUHI, rudi saa nane." Surua ya pili ni ile chanjo ya miezi kumi na minane, ambayo wazazi wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshatembea na anaonekana ana nguvu. Alikuwa pia na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto, wenye kijani, njano na nyekundu. Mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na nyekundu kwake haikuwa na mjadala: alimshika mama mkono, wakaenda kliniki saa hiyo hiyo, sufuria ikiachiwa jirani.

Tarehe 25 Septemba 2023 alikuwa kwenye bustani ya Uhuru Park katikati ya Nairobi, wahudumu laki moja wa nchi nzima walipozinduliwa rasmi na kupewa mabegi ya vifaa: mashine ya presha, ya sukari, mizani. Wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Alirudi amechomwa na jua, amefurahi, na analalamika: 5,000 ni nauli na viatu tu. Pesa zilipochelewa, yeye ndiye aliyesimama mkutanoni kuuliza, huku wenzake wakimvuta leso akae chini.

Uhuru Park, kwanza, tunayo kwa sababu ya mwanamke aliyelalamika. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mnara wa ghorofa 60 uliopangwa kujengwa pale. Wabunge wakamkejeli, na Rais Moi akasema mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, mnara haukujengwa. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na kila aliyemkejeli aliyekuwa bado hai alikuwa na maneno matamu ya kusema.

Kuhusu ile sifa nyingine ya matanga, "mke mwema", baba mdogo alitumalizia kazi kwenye matanga. Ana kisukari cha miaka mingi. Alisimama, akakohoa, akasema: "Huyu mama amenipigia kelele kila asubuhi, ndiyo sababu bado niko hapa." Watu walicheka, yeye hakucheka. Alitueleza pia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipika chakula cha jioni siku za mizunguko ya chanjo, jambo ambalo ndugu zake walilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo, na nyuso zao zilistahili kupigwa picha. Si nyumba nyingi ziko hivyo. Utafiti wa serikali wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha wanawake wa Kenya hutumia takriban mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa.

Wala sitaki kumfanya malaika. Kitinda mimba wake aliniambia, "Mama alijua kilo za watoto wa ploti nzima, alama zangu za hesabu akaziulizia mwisho wa muhula." Aliniomba nisiliandike kwenye programu. Amekubali niliandike hapa.

Kauntabuku imeenda kwa mhudumu aliyechukua nyumba zake. Baba mdogo alitaka ibaki kabatini iwe ukumbusho, binti yake akamkatalia: mle ndani kuna watoto ambao tarehe zao hazijafika.

Kamati ilinipa ukurasa mmoja. Niliondoa shule alizosoma na kupunguza orodha ya wakwe ili mtaro wa maji taka upate nafasi, pamoja na zile ngazi za landilodi. Mjomba bado amenuna. Anasema nimemchora dada yake kama mgomvi mbele ya wachungaji. Alikuwa mgomvi, mjomba, na wewe ndiye uliyekuwa ukimtuma akugombanie kodi ya nyumba yako ilipopandishwa.