Baiskeli ya Mwavuli na Ndoo ya Achari

Mke wangu ana msimamo mmoja ambao hajaubadilisha tangu tuoane: kinachokunjika ni mkeka. Baiskeli haikunjiki. Ukiiona imekunjwa, basi imekanyagwa na lori.

Nilimkalisha kibarazani, chai ya tangawizi mkononi, nikamweleza. Hii si baiskeli ya kuendea Marikiti. Hii ni ya kampuni ya Kiingereza ya BSA, ya Vita Vikuu vya Pili, ya askari wa miavuli. Fremu yake ina bawaba mbili, moja juu, moja chini, na kila bawaba ina nati ya masikio. Unazilegeza kwa vidole, baiskeli inajikunja, gurudumu linalalia gurudumu, askari anaruka nayo kutoka ndegeni. Pedeli zenyewe hazina pa kukanyagia, ni vyuma viwili vitupu vinavyosukumwa ndani ili visimdunge mtu. Tarehe 6 Juni 1944 Wakanada walishuka na baiskeli za kukunja namna hii pwani ya Normandy. Nikamwonyesha nembo kwenye simu: bunduki tatu zimeegemeana, maana kampuni hiyo ya Birmingham ilianza kwa kuunda bunduki mwaka 1861, baiskeli zikafuata baadaye.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mtoto wa watu. Kisha akauliza, "Baba Salim, na hao walioruka nayo, walirudi?"

Tayari nilikuwa na tatu nyumbani. Moja iko kibarazani, moja chini ya ngazi, na ya tatu iko chumbani nyuma ya kabati, ambayo mwenzangu anajifanya haioni, nami najifanya sijui kwamba anajifanya. Zote za miaka ya vita, zote nyeusi tititi. Baiskeli za wakati ule hazing'ai. Nikeli na kromu zilikwenda kwenye silaha, kwa hivyo hata usukani na rimu vilipakwa rangi tu. Wanunuzi wa chuma chakavu huzipita bila kugeuka, na hiyo ndiyo bahati yangu.

Hii ya nne niliikuta uani kwa watu, Kibokoni, imeegemezwa banda la kuku. Jogoo alikuwa akilalia usukani. Ilifikaje Mombasa, kila mzee pale barazani alikuwa na yake. Mmoja akasema ililetwa na mabaharia mwaka 1942, meli za Waingereza zilipohamia Kilindini kuwakwepa Wajapani, ule mwaka ambao hata shule ya Allidina Visram iligeuzwa kituo cha kunasa na kufumbua siri za redio za Wajapani. Huyo angalau alikuwa na mwaka mkononi. Wa pili akala yamini kwamba aliiona kwa macho yake ikishuka na mwavuli pale Makupa. Nikamuuliza alikuwa na umri gani. Akasema, "Nilikuwa tumboni, lakini mamangu aliona."

Nikailipa. Jogoo akakataa kushuka, tukamshusha.

Siku kumi nilikuwa nayo uani, kila jioni baada ya kazi. Bawaba zilikuwa zimegandana kwa kutu, nikazilowesha mafuta ya taa siku tatu ndipo zikatoa sauti, kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Rangi niliikwangua kwa wembe, pole pole. Juu kulikuwa na buluu ya mashua, nzito kama ngozi ya kiazi. Chini yake chokaa. Chini ya chokaa, tena rangi nyekundu, sijui nani alimpendezea nani. Halafu, nyuma ya shina la kiti ambako brashi za watu hazikufika, ukatokea ukijani wa jeshi, upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilimwita mke wangu aje kuuona. Alikuja, akainama, akatazama. Akasema, "Wali unaungua," akarudi jikoni.

Kilichokosekana ni nati mbili za masikio. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana baiskeli za Kiingereza za zamani hazijui milimita. Uzi wake mwingi ni wa mizunguko 26 kwa inchi moja, na nati ya leo ukiipeleka huko inazunguka mara moja na nusu, halafu inakwama. Nilipiga simu huku na huku mpaka mzee mmoja wa Likoni akaniambia anazo mbili, za hiyohiyo, zimeshika antena ya televisheni juu ya bati. Nije Jumapili nizichukue.

Mtu mwenye akili angepanda matatu mpaka feri, akavuka, akaja na nati zake mfukoni. Mimi nilitaka kuijaribisha baiskeli.

Nikaenda kwa fundi wangu Majengo. Akazitazama bolti, akatafuta ndani ya mkebe wa maziwa, akatoa nati mbili za pikipiki. Nikamwambia, fundi, uzi haulingani. Akasema, "Ikikataa kwa upole, itakubali kwa nyundo." Ikakubali. Alizipiga spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akapiga teke fremu, akanambia, "Hii sasa mpaka kiyama." Mimi nikamwamini. Ningelipaje kama simwamini?

Na kusema kweli, kutoka Majengo hadi feri ilikwenda vizuri sana. Watoto walinikimbilia. Mwenye tuktuk mmoja alipunguza mwendo akauliza ni ya shilingi ngapi. Nikajiona, wallahi, nimevaa helmeti ya chuma.

Nilipofika juu ya mteremko wa Likoni, watu walikuwa wameshaingia ferini, mlango unakaribia kuinuliwa. Mteremko mtupu, mweupe, kama umefagiliwa kwa ajili yangu. Mlinzi akanyoosha mkono: "Shuka! Shuka uisukume!" Nilimsikia. Lakini feri ikikuacha Jumapili jioni unaijua mwenyewe. Nikakanyaga.

Kwanza iliingia pedeli ya kulia. Ile pedeli inayosukumwa ndani ili isimdunge mtu, basi ilisukumika, mguu ukabaki unakanyaga hewa. Nikaegemea kushoto kutafuta mizani. Ndipo nikasikia *tak*. Nati ya juu hiyo, nikaiona kwa macho ikinipita, inaruka mbele yangu kuelekea baharini. Ya chini haikungoja kuulizwa. Usukani ukageuka taratibu, kwa adabu kabisa, na gurudumu la mbele likarudi nyuma kulisalimia la nyuma. Miaka themanini haijakunjwa, na ilikunjika kama imetoka kiwandani jana.

Mimi sikukunjika. Mimi niliendelea.

Mlangoni mwa feri alikaa mama mmoja na ndoo ya achari ya maembe. Si chupa, ndoo, ile ya rangi ya lita ishirini, imejaa, vipande vimeogelea katika pilipili nyekundu na chumvi. Niliingia kwa kichwa na mkono mmoja. Magoti yalikuwa yamebaki kwenye saruji, yamechunika yote mawili, halafu ndoo ikapinduka na mchuzi wote ukayafuata yalipo.

Siwezi kueleza. Ukitaka kujua, chukua sehemu yoyote ya mwili wako iliyochunika, kisha usijaribu.

Watu walipoona mtu mwekundu kuanzia utosini, feri nzima ikalia. "Damu! Jamani, amekufa!" Mwanamke mmoja akaanza kusoma Yasini. Kijana mmoja akavua shati anifunge kichwa. Mzee akashika mkono wangu akasema, "Tamka shahada, mwanangu." Nilitaka kumwambia mimi mzima, lakini nikifungua mdomo pilipili inaingia, kwa hivyo nililia tu, na kilio changu kikawathibitishia. Alikuwa ni mtoto, wa miaka mitano hivi, aliyetia kidole shavuni mwangu akakilamba.

"Mama," akasema, "huyu mtamu."

Kimya. Kisha kicheko ambacho nadhani kilisikika Mtongwe.

Mwenye achari ndiye hakucheka. Alinitazama, akaitazama ndoo, akasema elfu mbili. Nikamwambia, mamangu, robo imebaki ndani. Akasema, "Iliyobaki umeioga." Nikalipa. Mlinzi akaniletea baiskeli yangu, imekunjwa vizuri, akaniuliza ni kiti cha nini.

Nilivuka nayo begani, nimesimama kando peke yangu, watu wamenipisha kwa ajili ya harufu. Upande wa pili yule mzee wangu akanipokea, hakuuliza lolote, akanipa maji ya kunawa. Kisha akanambia nati ziko, lakini Arsenal wanacheza, antena haiguswi mpaka mpira uishe. Tukakaa. Magoti yanawaka, mpira ukaenda sare. Alipopanda juu ya bati na kuzishusha, nilizipokea kama pete. Zikaingia kwa vidole viwili, laini, bila sauti, mpaka mwisho.

Kiti cha baiskeli ni cha ngozi, na ngozi inanyonya. Wiki ya tatu sasa bado kinanuka embe na pilipili, na sisimizi wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye springi zake. Juzi nilimkuta mke wangu amesimama karibu nayo, anavuta pumzi.

"Hii," akasema, "yaweza kukaa jikoni."