Waliokataa mabasi ya Atlanta tumewasoma vibaya

Novemba 5, 2024, wapiga kura wa Gwinnett na Cobb, kaunti mbili kubwa za pembezoni mwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani, walimpa Kamala Harris, mgombea urais wa chama cha Democratic, ushindi mnono. Kwenye kura ile ile, chini kidogo, kulikuwa na swali la usafiri wa umma: je, tuongeze senti moja ya kodi kwa kila dola ya manunuzi, kwa miaka 30, tujenge njia za mabasi ya mwendokasi, tuongeze ruti, na tuwe na vigari vya kuitwa kwa simu karibu kila mtaa? Hapo wakakataa. Cobb walikataa kwa takriban asilimia 62. Gwinnett ilikuwa karibu zaidi, lakini hapana ni hapana.

Maelezo yakatoka siku hiyo hiyo, maana yalikuwa tayari kabatini: watu wa pembezoni hawataki Weusi na maskini wafike kwao kwa basi. Siwezi kuyapuuza, kwa kuwa yana mizizi. Mwaka 1971 kaunti za Fulton na DeKalb zilikubali kuilipia MARTA, shirika la treni na mabasi la Atlanta, nazo Clayton na Gwinnett zikagoma. Cobb ilikuwa imejitoa tangu 1965. Kwa miaka mingi Wazungu wa pembezoni walikuwa na mzaha wa kuzifasiri herufi za MARTA kuwa shirika la kuwapitisha Waafrika upesi ndani ya Atlanta, na mzaha ule ulieleza waziwazi hofu yao ilikuwa nini. Gwinnett ilipoulizwa tena mwaka 1990 ilikataa vibaya sana. Anayesema rangi haikuhusika katika kura zile hasemi kweli.

Ila Gwinnett ya 1990 si Gwinnett ya leo. Mwaka 1970 kaunti hiyo ilikuwa na watu wapatao 72,000, karibu wote Wazungu. Sensa ya 2020 iliwakuta zaidi ya 957,000, na Wazungu wasio Walatino walikuwa kama theluthi moja tu. Waliobaki ni Weusi, Walatino, Wakorea, Wahindi, Wavietnamu, na wahamiaji kutoka Afrika wasio wachache. Najua wanaojitokeza kupiga kura huwa wazee zaidi, wenye nyumba zao na magari yao, kuliko kaunti ilivyo kwa jumla. Hata hivyo, watu wale wale waliompa Harris kura wakaikataa kodi ya basi, na wote hao hatuwezi kuwavalisha kofia ya mwaka 1971. Kuna kitu kingine walichokiona, na nadhani kiko Clayton.

Clayton iko kusini mwa Atlanta, na sehemu kubwa ya uwanja wa ndege wa Hartsfield-Jackson imo ndani yake. Wakazi wengi ni Weusi wenye kipato cha chini. Ilikuwa na mabasi yake, C-Tran, mpaka kaunti ilipoishiwa pesa na kuyasimamisha Machi 31, 2010. Kesho yake mpishi, mfagiaji na mbeba mizigo waliamka kukiwa hakuna basi. Si kwamba ruti zilipungua au nauli ikapanda. Mabasi yalikwisha, na hali hiyo ikaendelea kwa karibu miaka mitano.

Novemba 2014 Clayton ikapewa nafasi ya kujiunga na MARTA kwa kodi ya senti moja kamili, ikakubali kwa takriban asilimia 74. Sijui kaunti nyingine ya pembezoni mwa Atlanta iliyowahi kusema ndiyo kwa sauti kubwa namna hiyo. Mabasi yakarudi Machi 2015, na hilo lisidharauliwe hata kidogo. Lakini kilichonadiwa kwenye kampeni hakikuwa mabasi peke yake. Nusu ya senti ile ilitengwa kwa usafiri wa kubeba watu wengi kwa mara moja, na watu waliambiwa waone treni ya abiria ikishuka kusini kwenye njia ya reli ya mizigo iliyopo. Tatizo ni kwamba reli ile ina mwenyewe, kampuni ya mizigo, na kampuni hiyo haikuwa na haraka ya kugawana njia yake na abiria. Miaka ikapita. Mwishowe treni ikaachwa, mpango ukageuzwa kuwa mwendokasi wa mabasi. Gwinnett na Cobb zilipopiga kura mwaka 2024, ilikuwa imetimia miaka kumi tangu Clayton iseme ndiyo. Hapakuwa na treni, na mwendokasi ulikuwa bado kwenye makaratasi. Senti ilikuwa inakatwa kila siku dukani.

Jambo hili mimi linaninyima usingizi kuliko takwimu zote za foleni. Kaunti maskini kuliko majirani zake, iliyokwisha onja maisha bila basi, ilitoa imani yake yote na pesa zake zote. Kisha jirani tajiri akichungulia uani kwa Clayton anaona nini? Ndani ya jiji lenyewe mambo hayakuwa bora sana. Atlanta ilikubali nusu senti ya ziada mwaka 2016 kwa orodha ndefu ya miradi, na kufikia 2023 orodha hiyo ilikatwa kutoka miradi 17 hadi 9. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa aliyeshtuka ni jirani yake aliyesimama dirishani akitazama.

Sasa urudi kwenye ile miaka 30. Kaunti za Georgia zina kodi nyingine za senti moja ambazo watu hupigia kura mara kwa mara: moja ya shule, isiyozidi miaka mitano, na moja ya barabara, bustani na vituo vya zimamoto, ambayo kwa kawaida huwa miaka sita. Cobb na Gwinnett huzipitisha kodi hizo, muda ukiisha wanazipitisha tena. Kwa hiyo si watu waliogoma kulipa senti. Wamezoea kulipa, kutazama darasa likipanda, kisha kuulizwa upya. Kodi ya usafiri iliwaondolea ile nafasi ya kuulizwa upya. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya kura angekuwa na miaka 30 ndipo wazazi wake wapewe neno jingine.

Na senti yenyewe si ndogo kama inavyotamkwa. Georgia imesamehe chakula cha dukani kodi ya jimbo, lakini kodi za kaunti hazikisamehi. Mama anayenunua mchele, maziwa na kuku wa dola 100 Gwinnett hulipa kama dola 2 za kodi, angelipa 3. Kwa mwenye mshahara mkubwa hilo si kitu. Kwa anayepanda basi, yule hasa tunayedai kumsaidia, kodi ya chakula ingekuwa imepanda kwa nusu nzima. Wanaotetea usafiri wa umma hawapendi kulizungumzia hili, nami nawaelewa, maana wengine ni rafiki zangu.

Upande wa ndiyo una hoja nzito, na nzito kuliko zote ni kwamba hauna chaguo lingine la kodi. Katiba ya Georgia imefunga mapato ya kodi ya mafuta kwa barabara na madaraja tu. Machi 30, 2017, moto ulipoangusha kipande cha barabara kuu ya I-85 kaskazini mwa jiji, watu walijazana kwenye treni za MARTA, na barabara ikafunguliwa tena baada ya wiki sita hivi. Kwa lami, serikali ina mbio. Kwa basi, kaunti inaambiwa ijitafutie, na chombo ilichopewa ni kodi ya mauzo. Tena njia ya mwendokasi haijengwi kwa kodi ya miaka mitano: wakopeshaji wanataka kuona mapato ya muda mrefu, na serikali ya shirikisho haichangii mradi ambao haujulikani nani atamlipa dereva mwaka wa kumi.

Kuna pia swali la nani yuko kituoni. Kituo cha basi katika kaunti hizi mara nyingi ni nguzo ya chuma iliyochomekwa kwenye majani, kando ya barabara ya njia sita, bila kibanda wala mahali pa kukanyaga. Basi linapita kila baada ya nusu saa au saa nzima. Ukilikosa, zamu imekwenda. Utafiti wa mwanauchumi Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2014 ulikuta kwamba mtoto aliyezaliwa katika moja ya tano ya watu wenye kipato cha chini kabisa eneo la Atlanta alikuwa na nafasi ya asilimia 4.5 tu ya kufika moja ya tano ya juu kabisa. San Jose, California, ilikuwa 12.9. Si basi peke yake linaloeleza pengo hilo, lakini jiji lililotawanyika, kazi ziko huku na makazi kule, limo katika maelezo.

Mimi ningekuwa na kura Gwinnett ningesema ndiyo, hata kwa miaka 30, kwa sababu ya yule wa kituoni. Lakini ningeipiga nikijua naomba jirani yangu aamini zaidi ya alivyoonyeshwa. Hata hesabu ya Gwinnett inakataa kuitwa ukaidi. Machi 2019 walikataa kwa takriban asilimia 54, kwenye kura ya peke yake ambayo wengi hawakujitokeza (aliyechagua tarehe ile aliuzika mradi wake mwenyewe). Novemba 2020 mpango mwingine ukaanguka kwa takriban kura elfu moja kati ya karibu laki nne. Mwaka 2024 pengo likapanuka tena. Wenye chuki isiyoponyeka hawapandi na kushuka hivyo. Hao ni watu wanaopima wanacholetewa, na mara ya mwisho walipima miaka 30 juu ya yale waliyoyaona Clayton.

Ningependa waulizwe swali dogo zaidi. Senti kwa miaka sita kama zile nyingine, au nusu senti, kwa mabasi tu: ruti zilizopo zipite kila robo saa, Jumapili ikiwamo, na kila nguzo ipate zege, kibanda na kivuko. Hilo halihitaji reli ya mtu wala miaka kumi ya michoro. Mwaka wa tatu mtu ataliona basi likipita mlangoni kwake, lina watu au halina, na atajua mwenyewe la kujibu. Njia ya mwendokasi iombewe pesa baada ya hapo. Ubaya wake naujua: mikopo mikubwa itachelewa na bei za ujenzi hazitangoji. Lakini hata kwa mpango mkubwa tumengoja sana. Treni ya kaskazini mashariki ilifika Doraville mwaka 1992, maili chache tu kabla ya mpaka wa Gwinnett, na hadi leo inaishia pale pale.